Karatasi ya Maabara Haijui Kama Una Mimba

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Afya na Jamii katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi)

Tulipoanza tulikuwa wanawake kumi na wawili chini ya mwembe. Sanduku letu lilikuwa la mbao, na kufuli zake tatu tulizichukua dukani kwa mkopo. Wenzetu wa hesabu wamekwisha kuwaeleza habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi wa Kamati ya Afya na Jamii tumepewa dakika ishirini tu, na Mama Katibu ametuonya tusizidishe kwa kuwa pilau linapoa.

Basi tumeona tuseme jambo moja ambalo katika miaka hii kumi limekigharimu kikundi chetu fedha, limetunyima usingizi, na safari moja limetuondolea mwenzetu. Nalo ni vipimo vya damu vya kutafuta saratani, na jinsi mimba inavyoweza kubadili majibu yake.

Tunajua wapo watakaosema hayo ni mambo ya madaktari, sisi wauza vitumbua yanatuhusu nini? Jamani, yanatuhusu. Karatasi ya majibu haikai kwa daktari. Inaletwa nyumbani, inasomwa na shemeji, inafikishwa kwenye kikao chetu cha Jumapili, na fedha za kufuata kile kilichoandikwa hutoka kwenye sanduku letu.

YALIYOTUPATA MWAKA WA NNE

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, yuko hapa kati yetu. Ametupa ruhusa tuyaseme, ila jina tuliache. Mwaka wa nne wa kikundi alipata mimba, na ilipofika wiki ya nane akaanza kusikia maumivu upande wa kulia wa tumbo. Akapigwa picha ya ultrasaundi. Mtoto alionekana na moyo ulikuwa unapiga, lakini pembeni, kwenye ovari, palionekana kifuko cha maji. Jirani akamwambia, uvimbe ni uvimbe, nenda kapime saratani. Akaenda maabara moja ya mtaani, akalipa, akatolewa damu. Kesho yake akapewa karatasi: kipimo kinachoitwa CA 125, jibu 68, na pembeni pameandikwa kuwa mwisho wa kawaida ni 35. Mbele ya 68 palichorwa mshale wa kwenda juu. Mhudumu akamwambia, "Dada, hii iko juu, mtafute daktari wa upasuaji upesi." Akaondoka na hilo tu.

Usiku ule ndugu wa mume walikaa kikao. Likatoka shauri kwamba mimba itolewe, ovari ikatwe, na ikibidi kizazi chote kitolewe ili mama apone. Mume akaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Jumapili mwenzetu akaja kwetu kuomba mkopo wa dharura wa shilingi laki sita. Tulilia naye, halafu tukapiga kura. Daftari la mihutasari lipo, mkitaka mtaliona: katika wanachama 23 waliohudhuria, 19 walinyoosha mikono kukubali. Tulikuwa tunafanya wema. Hatukujua kwamba tunakopesha fedha za kumwondolea mtu mtoto wake kwa sababu ya namba moja kwenye karatasi.

Aliyetuzuia ni bibi yetu mkunga mstaafu, ambaye mpaka wakati ule alikuwa hajasema neno. Aliuliza swali moja tu:

"Mwanangu, hao waliokutoa damu uliwaambia kwamba una mimba?"

"Hawakuniuliza, bibi."

"Na wewe hukusema?"

"Sikusema. Nilidhani damu ni damu."

Bibi akasema, "Basi hiyo karatasi haijui inamsema nani. Funga sanduku, mweka hazina. Kesho nitakwenda naye mwenyewe."

DAMU YA MJA MZITO

Baadaye tulimwomba daktari wa wanawake wa hospitali ya mkoa atufafanulie, naye alikuja akakaa nasi alasiri nzima. Tunayoyasema hapa ni aliyotufundisha, pamoja na yale tuliyoyasoma tangu siku hiyo.

Ziko chembechembe na kemikali fulani ambazo uvimbe wa saratani huweza kuzimwaga kwenye damu. Hizo ndizo huitwa viashirio vya saratani. Kiashirio ni kama moshi. Ukiona moshi juu ya nyumba ya jirani huenda nyumba inaungua, na huenda ni mama anapika ubwabwa. Moshi hukuambia nenda ukaangalie, haukuambii uvunje nyumba.

Sasa mimba ni jiko kubwa. Mtoto anakua kwa kasi, kondo la nyuma linajengwa, mji wa mimba unatanuka. Vitu vingi ambavyo saratani huvitengeneza, mtoto na kondo huvitengeneza pia kwa kazi yao halali. Ndiyo maana mwanamke mzima kabisa mwenye mimba anaweza kupata jibu ambalo kwa asiye na mimba lingeshtua.

Tuanze na hiyo CA 125. Iligunduliwa Marekani mwaka 1981 na Dk. Robert Bast na wenzake huko Boston, nayo husaidia zaidi kufuatilia mgonjwa ambaye tayari inajulikana ana saratani ya ovari: je, dawa zinafanya kazi, je, ugonjwa umerudi? Kikomo cha 35 kilipatikana kwa kupima watu wazima wa afya, na hata kati yao mmoja hivi katika kila mia alikuwa juu ya hapo. Kwa mwenye mimba, utando wa ndani wa mji wa mimba huitoa kwa wingi miezi mitatu ya kwanza. Kwa kawaida hushuka mimba ikiendelea, kisha hupanda tena kwa muda mfupi mara baada ya kujifungua. Na si mimba peke yake. Hedhi huipandisha, fibroidi huipandisha, maambukizi ya via vya uzazi huipandisha, na kifua kikuu cha tumboni huipandisha sana. Upande wa pili, karibu nusu ya saratani za ovari zinapokuwa changa haziipandishi kabisa. Kwa hiyo jibu la juu peke yake halikuhukumu, na jibu la chini peke yake halikuachi huru.

Cha pili ni alfa-fetoprotini, kwenye karatasi huandikwa AFP. Hii hutumika kutafuta na kufuatilia saratani ya ini, ugonjwa ambao huku Afrika tunaujua kwa sababu ya virusi vya homa ya ini ya aina ya B na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Lakini AFP ni mali ya mtoto tangu mwanzo. Ini la mtoto tumboni ndilo linaloitengeneza, nayo hupita mpaka kwenye damu ya mama. Mtu mzima asiye na mimba huwa nayo kidogo sana, chini ya 10 hivi. Mja mzito huweza kuwa na mamia, ikizidi kupanda mpaka karibu mwezi wa saba au wa nane, na mwenye mapacha huwa nayo zaidi. Madaktari wa uzazi huitumia pia kwa jambo jingine kabisa: ikizidi mno kati ya mimba inaweza kuonyesha mtoto mwenye mgongo wazi. Mnaona, akina mama? Namba ileile, kwa mwanamume mgonjwa wa ini ina maana yake, kwa mama wa mimba ya miezi mitano ina maana nyingine.

Cha tatu ni homoni ya mimba yenyewe, hCG. Hii mnaijua wote, ndiyo inayoleta mistari miwili kwenye kile kijiti cha mkojo. Kondo ndilo huitoa. Siku za mwanzo hukaribia kuongezeka maradufu kila baada ya siku mbili, na kati ya wiki ya nane na ya kumi na moja huweza kupita 100,000, halafu hupungua. Lakini ziko saratani za kondo, na baadhi za ovari, ambazo nazo huitoa. Hapa tutarudi, maana hapa ndipo pana kaburi.

Visije vikachanganywa vyote. Kipimo cha CA 15-3, kinachotumika kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, huweza kupanda kidogo tu kwa mja mzito. CEA, iliyogunduliwa Kanada mwaka 1965 na hutumika sana kufuatilia saratani ya utumbo mpana, kwa kawaida mimba haiigusi sana, na CA 19-9 vivyo hivyo. Kwa hiyo mja mzito ambaye CEA yake imepanda sana asiambiwe "ni mimba tu, nenda nyumbani". Kila kipimo kina tabia yake, ndiyo maana tunataka mtu aliyesomea atusomee.

MWISHO WA HADITHI YA FUNDI

Daktari alimwangalia upya mwenzetu. Alimweleza kwamba kile kifuko cha maji, kwa jinsi kilivyoonekana, kilikuwa ni kile ambacho yai lilitokea. Mimba ikitunga, mahali pale hubaki pakitengeneza homoni ya kuilinda mpaka kondo lichukue kazi hiyo. Kukikata mapema mno kunaweza kuharibu mimba yenyewe. Kwa kawaida hunywea chenyewe. Akamwambia arudi wiki ya kumi na sita, na akampa masharti: maumivu yakiwa makali ghafla, akitapika au kuzimia, aje usiku huohuo, kwa sababu ovari yenye uvimbe huweza kujinyonga.

Wiki ya kumi na sita kifuko kilikuwa kimepungua kuwa kama punje ya harage. Alijifungua salama. Miezi mitatu baadaye CA 125 ikapimwa tena, ikawa 14. Huyo mtoto mwaka huu ameanza darasa la kwanza, na ndiye aliyewagawia soda pale mlangoni. Kiwanja bado kipo. Mkopo wa laki sita haukutoka. Kilichotoka ni nauli ya mama mmoja na bibi mmoja.

YALIYOTUPATA MWAKA WA SITA

Ndugu wanachama, tungependa tuishie hapo, lakini tungekuwa waongo. Ukurasa wa kumbukumbu wa kijitabu hiki una jina la mwenzetu aliyekuwa akiuza dagaa gulioni. Familia yake imekubali tuyaseme haya.

Mwaka wa sita alipata mimba iliyokuwa mimba zabibu. Wasioijua: ni mimba ambayo kondo hukua vibaya na kuwa vijipovu vya maji kama kichala cha zabibu, na kwa kawaida mtoto hakuna. Alisafishwa hospitali, akaambiwa arudi kupimwa hCG kila wiki mpaka iishe, na baada ya hapo kila mwezi kwa muda watakaomwambia. Akaambiwa pia atumie uzazi wa mpango asishike mimba katika kipindi hicho. Sababu ni hii. Baada ya mimba zabibu, hCG lazima ishuke mpaka ipotee. Isiposhuka, au ikishuka kisha ikapanda, kuna mabaki yanayoota, na mabaki hayo huweza kugeuka saratani ya kondo, koriokasinoma. Mama akishika mimba mpya kabla ya wakati, homoni itapanda kwa sababu ya mtoto na hakuna atakayejua kwa namba ile kama ni mtoto au ni ugonjwa.

Alikwenda mara mbili. Mara ya tatu nauli ikakosekana. Hakutuambia, na sisi hatukumwuliza. Kwenye daftari letu la wiki zile kuna hisa zake mbilimbili bila kukosa. Alilipa hisa akakosa nauli ya kwenda kupima, na sisi tukampigia makofi kwa uaminifu.

Miezi minne baadaye akaanza kichefuchefu na damu kidogo kidogo. Akapima kwa kijiti cha mkojo, mistari miwili. Jamani, tulimpongeza. Tulichanga tukampelekea doti ya khanga. Tukamwambia Mungu amemfidia. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema arudi kule alikosafishwa akawaonyeshe mistari ile. Baadaye akaanza kukohoa, kisha akakohoa damu, tukadhani ni kifua kikuu. Alipofika hospitali kubwa ikaonekana hakukuwa na mtoto. Ile ilikuwa saratani ya kondo, na ilikwisha kufika mapafuni, mahali inapopenda kwenda kwanza. Alianza dawa, lakini alikuwa amechelewa sana.

Linalouma zaidi ni kwamba saratani hii ni katika zile zinazotibika vizuri kuliko zote. Mwaka 1956 huko Marekani, Dk. Min Chiu Li na Dk. Roy Hertz walianza kuitibu kwa dawa ya methotreksati, na wanawake ambao zamani wangekufa wakapona. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza za uvimbe kuponywa kwa dawa peke yake. Na kipimo walichokifuata ni hiyohiyo homoni ya mimba. Leo wanawake wengi sana wanaofuatiliwa baada ya mimba zabibu hupona, na wengi huzaa tena.

Kwa fundi, mimba ilionekana kama saratani. Kwa muuza dagaa, saratani ilionekana kama mimba. Kote kuwili namba ilikuwa kweli, waliokosea ni waliosoma namba bila kumsoma mwenye damu.

TUFANYE NINI BASI?

Wazee walisema, mficha uchi hazai. Kwanza, kila utolewapo damu sema: nina mimba ya wiki kadhaa, au nimejifungua hivi karibuni, au mimba imeharibika, au niko kwenye hedhi, au niliwahi kupata mimba zabibu. Usingoje kuulizwa. Kama hujui una mimba au huna, sema hivyo pia, upimwe kwanza.

Pili, usiende mwenyewe dukani au maabara kununua kipimo cha saratani kama anunuavyo mtu sabuni. Viashirio hivi havikuwekwa kwa ajili ya kumpima kila mtu asiye na dalili. Uliza anayekuagiza: unatafuta nini, na jibu likiwa juu tutafanya nini? Saratani ya shingo ya kizazi, inayowasumbua sana wanawake wa Tanzania, haitafutwi kwa CA 125. Ina uchunguzi wake wa kupakwa siki au kupimwa kirusi cha HPV, na wasichana wetu wana chanjo iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Wapelekeni.

Tatu, hakuna kutoa mimba, kukata kizazi wala kuuza kiwanja kwa namba moja. Daktari ataangalia picha, atakugusa, atarudia kipimo baada ya muda, na inapobidi atachukua kinyama kipimwe. Ultrasaundi haimdhuru mtoto.

Nne, na hili tunaliomba kwa msisitizo: msitoke hapa mkasema Kamati imesema ukiwa na mimba huna haja ya kuogopa saratani. Hatukusema hivyo. Hutokea, karibu mara moja katika kila mimba elfu moja. Mja mzito mwenye kinundu kwenye titi asiambiwe ni maziwa yanajaa akaachwa mpaka ajifungue. Kinundu kisichoondoka kipigwe picha na kichukuliwe kinyama, hata kama mimba ina miezi saba. Na ikionekana ni saratani, upasuaji unawezekana, na dawa nyingine huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Wako akina mama waliotibiwa na mtoto akazaliwa mzima.

Tano, aliyepata mimba zabibu asikose hata tarehe moja ya kupima, na asishike mimba mpaka aruhusiwe. Mistari miwili ikitokea kabla ya ruhusa, asisubiri pongezi, aende alikosafishwa siku hiyohiyo.

OMBI LETU

Mama Mwenyekiti, baada ya msiba ule kikundi kilipitisha kwamba nauli ya kwenda kupima ni msaada wa mfuko wa jamii, si mkopo. Hairejeshwi na haina riba. Tangu hapo tumeilipa kwa wenzetu kadhaa na haijatufilisi. Siku ya leo tunaomba mambo mawili yaongezwe kwenye katiba yetu. La kwanza, mwanachama anayekuja kuomba mkopo wa upasuaji asindikizwe hospitali na mwenzake mmoja kabla ya kura, ili tusikie kwa daktari na si kwa mshale uliochorwa kwenye karatasi. La pili, mwanachama akikosa tarehe yake ya kliniki, aulizwe kama anavyoulizwa akikosa hisa.

Bibi yetu mkunga ameketi pale mbele, macho yamepungua lakini masikio yapo. Tulipomwuliza tuweke neno gani la mwisho, akasema, "Waambieni wazoee kuuliza." Basi tumewaambia.

Akina mama oyee! Mama Katibu, tumemaliza, pilau liletwe.